Bolti Iliyoganda Kwenye Injini Ndogo: Namna ya Kuitoa Bila Kuua Hedi

Kwenye injini ndogo, iwe ya pikipiki, ya jenereta au ya pampu ya maji, stadi za ekzosi (vijiti vya uzi visivyo na kichwa, vinavyofungwa kwa nati) ndizo zinazoongoza kwa kukatika. Kila siku zinachomwa na kupoa, zinapigwa na matope na mvua, na zenyewe ni chuma kilichokaa ndani ya alumini. Nyuma yake zinakuja bolti za kava ya klachi, skrubu za kabureta na bolti ya kumwagia oili. Mwongozo huu unazihusu hizo. Fuata hatua kwa mpangilio wake: anza na njia isiyoharibu kitu, na usihamie inayofuata mpaka ya kwanza imeshindwa kweli. Hedi (kifuniko cha juu cha silinda) nyingi zinazoishia kwa fundi wa kukereza zilipelekwa huko na dakika tano za haraka.

Neno moja kuhusu namba. Mafundi wengi huita bolti kwa namba ya spana yake, kwa hiyo "bolti ya kumi" huwa ni ile ambayo uzi wake una kipenyo cha milimita 6. Humu namba ni ya uzi: M6, M8, M10. M6 mara nyingi hufunguliwa kwa spana 10, na kwenye injini nyingine kwa 8. M8 hufunguliwa kwa 12 au 13, na M10 kwa 14 au 17, kutegemea injini ilikotengenezwa.

Kwa nini inaganda

Chuma na alumini vikikutana penye unyevu, alumini ndiyo inayoliwa. Unazaliwa unga mweupe mgumu ambao unachukua nafasi kubwa kuliko ile alumini iliyoliwa, hivyo unajaa kwenye uzi na kuibana bolti pande zote. Chumvi huharakisha jambo hilo, ndiyo maana injini za boti na pampu zinazofanya kazi Lamu, Mombasa, Tanga au Unguja hugandisha bolti mapema kuliko injini za aina hiyo hiyo zilizo bara. Kwenye ekzosi tatizo ni jingine: joto linaunguza nati na stadi mpaka zinashikana kwa kutu nyekundu, na stadi yenyewe inakonda kila mwaka.

Sababu ya tatu ni mkono wa aliyefunga. Bolti ya M6 ya kawaida inataka kufungwa kwa takriban Nm 10 (nyutoni mita, kipimo cha nguvu ya kuzungusha). Chukua spana yenye urefu wa sentimita 15, ivute kwa nguvu ya kilo 10 tu, tayari umefikia karibu Nm 15. Ukichomeka bomba la sentimita 45 na kuvuta kwa nguvu ile ile, ni Nm 44. Bolti ya M6 haihimili hiyo. Bomba ni la nati kubwa. Usilipeleke kwenye M6 wala M8, si wakati wa kufunga wala wa kufungua.

Kabla ya kushika spana

Hakikisha unajua inafunguka upande gani. Klachi ya msumeno wa injini na nati inayoshika kisu cha mashine ya kukatia majani ya kubeba begani huwa na uzi wa kushoto: zinafunguka kwa kuzungusha upande wa mishale ya saa. Watu wamevunja vitu vizima wakidhani nati imeganda, kumbe walikuwa wanaikaza.

Safisha kichwa cha bolti kwa brashi ya waya na uchokoe uchafu wote, hasa ndani ya tundu la bolti za funguo ya Allen na kwenye nyota ya skrubu. Soketi iliyokaa juu ya tope haijakaa. Tumia soketi yenye pembe 6, si ile ya pembe 12, kwa sababu ya pembe 6 inashika ubavu wa kichwa wakati ya pembe 12 inashika ncha tu. Spana ya mdomo wazi iwe ya mwisho kabisa. Injini za Kimarekani kama Briggs & Stratton hutumia vipimo vya inchi: nusu inchi ni milimita 12.7, kwa hiyo soketi ya 13 inaingia, inacheza, halafu inalamba kichwa.

Skrubu za nyota kwenye injini za asili ya Kijapani, na nyingi za Kihindi na Kichina zilizofuata mtindo huo, hazina umbo sawa na bisibisi ya nyota ya kawaida. Zimechongwa kwa kipimo cha Kijapani cha JIS. Bisibisi ya kawaida haifiki chini, inaruka na kula nyota. Tafuta ya JIS, au ya kawaida isage ncha kidogo mpaka iketi. Kisha tumia bisibisi ya kugonga, ile ambayo ukiipiga nyundo inajizungusha. Kifaa hiki kimeokoa kava nyingi za klachi kuliko kingine chochote.

Kulowesha, kugonga, kurudisha

Mafuta ya kupenya yanahitaji muda. Weka, subiri dakika 15, gonga kichwa cha bolti kwa nyundo ndogo mara kumi hivi, kwa mapigo makavu, si ya kuvunja, weka tena. Kwa stadi za ekzosi rudia jioni na uiache mpaka asubuhi. Kama huna mafuta ya dukani, changanya ATF (mafuta ya giaboksi ya otomatiki) na asetoni nusu kwa nusu. Vinajitenga, kwa hiyo tikisa kila unapotumia, na viweke mbali na rangi, raba na moto. Dizeli inafanya kazi pia, ila polepole.

Kugonga hakuongezi nguvu ya kufungua. Kunavunja ganda la kutu ili mafuta yapate njia. Usigonge ncha ya stadi yenye uzi, utaibonyeza na nati haitatoka tena.

Sasa vuta spana taratibu na usikilize kwa mkono. Bolti inayotaka kutoka hugoma, halafu inaachia ghafla kwa mlio mkavu, "ki!", na baada ya hapo unasikia msuguano ulio sawa. Bolti inayotaka kukatika haitoi mlio. Spana inasogea, lakini ina ulaini ndani yake, kama unapinda raba, na ukilegeza mkono inarudi nyuma kidogo. Huo ulaini ni shingo ya bolti inayojisokota. Acha papo hapo. Ukivuta robo nyingine ya mzunguko, imekwisha.

Ikishaachia, usiizungushe moja kwa moja mpaka nje. Fungua robo ya mzunguko, rudisha nusu ya robo, weka mafuta, fungua tena. Kutu iliyosagika inajikusanya mbele ya uzi, na usipoirudisha itaibana bolti upya katikati ya safari. Plagi iliyoganda kwenye hedi ya alumini inatolewa kwa namna hiyo hiyo, injini ikiwa ya uvuguvugu. Ukiilazimisha itatoka na uzi wote wa hedi umeizunguka kama chemchemi.

Moto

Alumini inatanuka karibu mara mbili ya chuma kwa joto lile lile. Kwa hiyo bolti ya chuma ikiwa ndani ya alumini, pasha alumini inayoizunguka, si bolti. Tundu linapanuka kuliko bolti. Nati ya chuma juu ya stadi ya chuma, pasha nati.

Kwanza ondoa tangi la petroli, kabureta na bomba la mafuta, futa mafuta ya kupenya yaliyobaki, na usogeze matambara. Tumia hita ya kupuliza hewa ya moto au tochi ndogo ya gesi. Usitumie moto wa oksijeni kwenye alumini kama hujauzoea, kwa sababu alumini haiwi nyekundu kabla ya kuyeyuka: inakaa na rangi yake ile ile, kisha inaporomoka. Alumini safi inayeyuka sentigredi 660, na ile ya kumimina ya injini huanza kulainika chini ya hapo. Pima kwa tone la maji. Likitua na kuchemka papo hapo likakauka, umepita sentigredi 100. Likiruka-ruka kama tone kwenye kikaango, inatosha, zima moto.

Injini ikiwa bado ya moto, gusisha mshumaa kwenye ukingo wa bolti. Nta inayeyuka na kuvutwa ndani ya uzi, mahali ambapo mafuta mengine yangeungua. Kisha jaribu spana, huku na huku. Kama haikutoka, iache ipoe kabisa na urudie. Mizunguko mitatu ya kupasha na kupoza ni kawaida kwa stadi ya ekzosi ya siku nyingi. Kumbuka pia kwamba sili za mafuta zilizo karibu zitaungua, kwa hiyo ukipasha krankikesi (kasha la chini la injini), hesabu na bei ya sili.

Kichwa kimelika

Pigilia soketi ndogo zaidi. Kichwa cha 10 kilicholika hushikwa vizuri na soketi ya 9, au ya inchi 3/8 ambayo ni milimita 9.5. Ipige nyundo mpaka ikae chini, halafu fungua. Mapigo hayo yenyewe yanasaidia kulegeza. Bolti ya tundu la Allen, pigilia biti ya nyota yenye pembe sita iliyo kubwa kidogo kuliko tundu.

Ikishindikana na kichwa kimejitokeza, sugua pande mbili kwa tupa mpaka ziwe sambamba, kisha bana kwa vaisgripu (koleo inayojifunga), karibu na mzizi. Au kata mfereji kwa msumeno wa chuma na utumie bisibisi bapa pana. Tindo nayo inafaa kwenye bolti kubwa: chimba kidonda kwenye ukingo wa kichwa, kisha ilaze tindo na upige kuelekea upande wa kufungua. Kwenye M6 usijaribu tindo, utakata.

Kwa bolti za kava kuna njia safi zaidi ambayo mafundi wengi wanaiogopa bila sababu: toboa kichwa kiondoke. Kwa M6 tumia keekee ya milimita 6.5, toboa katikati ya kichwa mpaka kidondoke kama pete. Mara kichwa kinapotoka, mvuto uliokuwa unaibana bolti unaisha. Toa bolti nyingine zote, vua kava, na utakuta kipande cha bolti kimesimama nje sentimita moja au mbili. Kilowanishe, kibane kwa vaisgripu, na mara nyingi kinatoka kwa vidole.

Imekatika

Kama kipande kimebaki nje chenye uzi mzima, funga nati mbili, zikaze moja dhidi ya nyingine, na ufungue kwa spana kwenye ile ya chini. Kama uzi umeharibika, vaisgripu na moto.

Kama imekatika sawa na uso wa hedi au chini yake kidogo, njia bora ni kuchomelea nati. Wengi hukimbilia ekstrakta, ile skrubu iliyopinda ya kutolea stadi. Kwa M6 usiiguse. Tundu la kuiingizia, unalotoboa ndani ya bolti, linakuwa jembamba, ekstrakta inakatikia ndani, na chuma chake ni kigumu kuliko keekee za kawaida. Hapo umefunga mlango kwa ufunguo uliovunjika. Kinachobaki ni keekee ya kabaidi au fundi mwenye mashine maalumu. Ekstrakta ni ya bolti za M10 na kuendelea, tena zile zilizokatika kwa kukazwa mno, si zilizoganda kwa kutu.

Kuchomelea nati: ondoa betri na uchomoe CDI au kitengo cha umeme cha injini, halafu bana waya wa athi karibu kabisa na bolti ili umeme usipite kwenye beringi. Safisha kwa brashi tu. Usipulize kemikali ya kusafishia breki kabla ya kuchomelea, kwani zile zenye klorini zikikutana na mwali hutoa gesi ya sumu inayoweza kuua. Weka nati ya M8 juu ya kisiki cha M6 ili upate nafasi ya kufika chini. Chomelea kuanzia katikati ya kisiki, ukijaza kwenda juu mpaka nati ishikane. Mashine ya MIG, ile inayotumia waya badala ya fimbo, ni nyepesi kwa kazi hii, lakini fimbo ya milimita 2.5 inatosha ukiwa na mkono mtulivu. Chuma cha kuchomelea hakishikani na alumini iliyo pembeni. Iache ipoe mpaka uweze kuigusa, weka nta au mafuta, kisha spana huku na huku, kwa upole. Nati ikibanduka, rudia. Mara ya pili au ya tatu mara nyingi ndiyo inayotoa, kwa sababu kila joto linazidi kuvunja lile ganda.

Kutoboa, kama hakuna mashine ya kuchomelea

Hapa ndipo hedi zinapouawa, kwa sababu moja: alumini ni laini kuliko bolti, na keekee daima hukimbilia palipo laini. Tundu likianza milimita moja nje ya katikati, litaishia lote kwenye alumini, na bolti bado ipo.

1. Leta pistoni juu kabisa, valvu zikiwa zimefungwa, na uzibe tundu la ekzosi kwa kitambaa chenye grisi. Vumbi la chuma likiingia kwenye silinda litachana ukuta wake.

2. Sawazisha uso wa kisiki kwa tupa au keekee bapa. Kilichokatika hakina uso sawa kamwe.

3. Tafuta kiongozi. Fundi wa kukereza anaweza kukutengenezea bushi ya chuma yenye kipenyo cha nje kinachoingia kwenye tundu la flenji ya ekzosi na tundu la ndani la milimita 3. Funga flenji kwenye stadi nyingine iliyo nzima, chomeka bushi, na keekee haina pa kukimbilia. Ni kazi ndogo kwa mkereza, na inashinda jicho la mtu yeyote.

4. Bila kiongozi, tia alama ya panchi katikati kabisa. Itazame kutoka pande mbili kabla ya kuipiga kwa nguvu. Ikiwa nje, ilaze panchi na uisukume alama kurudi.

5. Toboa kwa milimita 3, mwendo wa polepole, oili kidogo, ukitoa keekee mara kwa mara. Funga mkanda kwenye keekee kuonyesha kina. Pima kwenye stadi nyingine. Kama una keekee ya uzi wa kushoto na drili inayorudi nyuma, itumie, maana mara nyingi inaishika bolti na kuitoa yenyewe.

6. Panda hadi milimita 4, kisha 5.0. Huo ndio ukubwa wa tundu la tapu (kifaa cha kukatia uzi) ya M6. Ukiwa katikati sawasawa, utaona uzi wa bolti umebaki kama waya mwembamba uliojiviringisha. Uchokoe kwa sindano ya chuma, shika ncha yake kwa plaisi nyembamba na uuvute.

7. Pitisha tapu ya M6 yenye hatua (umbali kati ya jino moja la uzi na linalofuata) ya milimita 1, nusu ya mzunguko mbele, robo nyuma, na mafuta. Tapu ikigoma, itoe usafishe. Tapu iliyokatikia ndani ni msiba ule ule wa ekstrakta.

Kwa M8 ya hatua ya 1.25 tundu ni milimita 6.8, kwa M10 ya 1.25 ni 8.8, na M10 ya 1.5 ni 8.5.

Uzi wa hedi ukiwa umeliwa

Kupandisha saizi, yaani kuhama kutoka M6 hadi M8, ni njia ya haraka, na inafaa pale ambapo kuta za alumini ni nene na kipande kinachofungwa kinaweza kutanuliwa tundu. Kwenye kava nyembamba ukuta unapasuka. Koili ya uzi ni imara zaidi, maana inarudisha bolti ya saizi ya awali na uzi wake ni wa chuma kisichopata kutu. Kwa M6 toboa milimita 6.3, kwa M8 milimita 8.3 au 8.4, piga tapu inayokuja na seti yenyewe (tapu ya kawaida haifai), ingiza koili mpaka ikae robo hadi nusu ya mzunguko chini ya uso, kisha kata kile kiulimi cha chini na ukitoe kwa sumaku. Gundi ya chuma na kuzungushia bolti uzi wa nyaya ni kazi ya wiki moja, ekzosi itavitupa.

Kufunga tena

Safisha matundu mengine yote ungali hapo. Bolti nzuri ya zamani iliyokatwa mifereji miwili mirefu kwa msumeno inasafisha uzi bila kuukula, tofauti na tapu ambayo inaweza kuukonda.

Stadi mpya ingiza kwa mkono mpaka chini, kisha ikaze kidogo tu. Paka grisi ya shaba kwenye uzi. Kwa kuwa grisi inapunguza msuguano, bolti itavutika zaidi kwa mkono ule ule, kwa hiyo punguza kipimo kwa karibu robo. Kwenye ekzosi tumia nati za shaba, kwani zenyewe ndizo zitakazolika siku ya kufunguliwa na stadi itabaki. Gasketi iwe mpya. Wanaobana gasketi ya zamani ili isivuje ndio wanaokata stadi inayofuata. Kaza nati kwa zamu, kidogo kidogo kila upande. Bolti nne za hedi ya Honda GX160 hukazwa kwa mshazari, kwa awamu, mpaka Nm 24.

Washa injini dakika kumi, izime, iache ipoe kabisa, kisha pitia nati za ekzosi kwa spana fupi. Zitakuwa zimelegea kidogo kwa sababu gasketi imelala. Zikaze mara hiyo moja.